Aliyetengeneza Apande

Papa Hénoc alivuka ziwa kutoka Kilwa ya Kongo miaka saba iliyopita, akapewa shamba na kibanda katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala, lakini mtafute Nchelenge ufukweni, pale anapotengeneza mashua za mbao. Ni fundi kweli kweli, hata wasiompenda wanakubali. Ila tusidanganyane: kujisifu ndiyo kazi yake ya pili, na hiyo haina Jumapili.

Sheria ya kazi aliiweka yeye mwenyewe. Mashua mpya ikienda kisiwani Chisenga safari ya kwanza, wote walioitengeneza wanapanda. "Mutu akijua atapanda, hawezi kuziba ovyo," husema, kidole juu. Sheria nzuri sana. Basi tu, yeye hajui kuogelea, na siku ya kupanda lazima augue. Mara tumbo, mara jino. Mwaka jana alifiwa na mjomba ambaye mama Pierrette, mke wa Hénoc, hajawahi kumsikia! Wanaopanda ni Goodson na Mwiche, mafundi wake wawili, nao humpungia mkono, wakimwita "ba" kwa heshima: "Pole na jino, ba Hénoc!"

Kukosolewa nako hataki kabisa. Siku moja Mwiche alimwambia ubao umepinda. "Ubao uko sawa," akajibu, "macho yako ndiyo yamepinda." Watu wakacheka, Mwiche naye akacheka, na tangu siku hiyo hakumwambia kitu tena.

Sasa ikaja mashua ya mama Chalwe, mchuuzi wa samaki. Ijumaa jioni Hénoc alikuwa anawahi mazoezi ya kwaya. Ubao wa chini, upande wa nyuma, akaupaka lami juu juu bila kushindilia pamba kwenye nyufa. Nitarudia kesho, akajiambia. Kesho yake akasahau.

Jumatatu asubuhi mashua ikasukumwa majini, Goodson, Mwiche na mama Chalwe wakiwa ndani. Hénoc alibaki nchi kavu ameshika shavu, jino la kawaida. Hapo ndipo akakumbuka ule ubao.

Aseme, aumbuke mbele ya mteja? Anyamaze, watu watatu wazame katikati ya ziwa? Mashua ilikuwa inazidi kwenda. Akaingia majini mpaka magotini, jambo ambalo kwake ni ushujaa mkubwa, akapiga kelele:

"Rudini! Ubao wa nyuma sikuuziba! Kosa ni langu, mimi Hénoc!"

Makasia yakasimama. Mama Chalwe akaruka akitaka kushushwa papo hapo. Wale mafundi wawili hawakushtuka hata kidogo.

"Tunajua, ba Hénoc," Goodson akaitikia. "Tuliona Jumamosi."

"Munajua? Na mumepanda?"

Mwiche akainua kopo kubwa la kutolea maji lililokuwa miguuni pake. "Tumebeba hii. Nani angekuambia wewe?"

Mashua ilipovutwa mchangani, Hénoc akachukua nyundo yake, ile ambayo hakuna mtu mwingine anayeigusa, akampa Mwiche.

"Nionyeshe," akasema polepole. "Kila pahali mulipoona kosa langu, munionyeshe."

Mwiche akamtazama Goodson kwanza. Kisha akauliza kwa sauti ya chini:

"Kwa mashua hii tu, ba Hénoc, ao hata kwa zile tulizouza?"