Waliposema Macho Yangu Yameingiwa na Dhahabu

Mwaka 1996, pale Rwamgasa, wanaume wazima walipanga foleni kunitazama macho.

Yalikuwa ya njano. Wakasema dhahabu imeniingia.

Nilikuwa dereva wa Rajabali, mwenye duka Ngokolo, Shinyanga. Pombe ya gongo iliniharibu kongosho. Rajabali alikuwa na ndugu daktari Bombay, akanipeleka. Wakaniwekea vijibomba viwili vya plastiki, kimoja kwenye kongosho, kingine kwenye njia ya nyongo.

Daktari akaniambia, "Vinaziba hivi. Tumbo likiuma hadi mgongoni, homa ya kutetemeka, macho ya njano, mkojo kama chai ya rangi, choo cheupe, usingoje kesho."

Niliporudi, Rajabali akaniweka Rwamgasa nisimamie duara lake, shimo la kuchimbia dhahabu.

Siku tumbo lilipokamata mgongo nilimwambia Gregory, mkubwa wa wachimbaji, "Nipeleke hospitali. Bomba limeziba."

"Bomba gani, bwana? Umeingiwa na mali. Mganga kasema ukiondoka, inaondoka na wewe."

Asubuhi hiyohiyo duara likatema dhahabu.

Nikajua nimekwisha.

Wakanilaza kwenye kibanda cha turubai, walinzi mlangoni. Natetemeka, natapika, wao wananiletea mawe niyaguse.

Kitanda cha kamba kilikuwa kimebonyea umbo la mtu. Mtu mrefu kuliko mimi.

"Nani alikuwa analala hapa?"

Mlinzi akashusha turubai la mlangoni.

Paskazia, mama lishe wa pale, akaniletea uji. Nikamwambia, "Mama, nakufa."

Akanitazama macho. Akaweka uji chini, akakaa kitandani, akanipapasa uso na mikono yote miwili. Kisha akatoka.

"Gregory," alisema taratibu, "nimemshika huyo mtu wenu. Na niko kwenye siku zangu."

Machimboni kwetu mwanamke wa hivyo hasogei kwenye duara. Dhahabu inakimbia.

"Umetuua, mwanamke," Gregory akasema.

Wakamvunjia kibanda chake cha kupikia, wakamwaga maharage yake. Mimi wakanibeba na kitanda chao, wakanitupa barabarani. Hakuna aliyetaka kunigusa tena.

Paskazia akasimamisha lori la mkaa. Tukaenda Geita, na Rajabali akanirudisha Bombay. Vijibomba vilikuwa vimeziba kabisa, usaha umejaa.

Njiani kwenda Geita, juu ya magunia ya mkaa, nilikuwa nimemwambia Paskazia, "Mama, umepoteza biashara kwa sababu ya siku zako."

"Siku zipi, mwanangu? Mimi nina wajukuu. Zilikoma zamani."

Tulipoyaona mabati ya Geita, akasema tena,

"Kitanda kile alilala marehemu mume wangu, jina lake Sikujua. Aligeuka njano kama wewe. Mawe ya kugusa nilikuwa nampelekea mimi."

Wewe mwenye vijibomba, siku ya kuvibadilisha ikifika, nenda. Ukiona dalili, usipimwe malaria ukaridhika. Waambie una bomba, na waambie wa nyumbani kwako mapema, kabla hawajatafuta maana nyingine.

Mimi kila asubuhi natazama macho yangu kwenye kioo.

Kuna siku nainua kichwa, na anayenitazama ni mrefu kuliko mimi.