Mbuzi wa Baba Asiyeswali

Baba yangu hakuswali, na hakujificha. Garissa nzima ilijua. Alirudi kutoka vita vya Wazungu huko Burma akichechemea mguu mmoja, akanunua cherehani, akakaa barazani kushona. Aliyemuuliza mbona haonekani msikitini alijibiwa kwa upole, "Mimi siamini, ndugu yangu. Nikija nitawapunguzia nafasi tu." Mwanzoni watu walicheka. Walipogundua si mzaha wakamwita gaal, yaani kafiri, na watoto wenzangu wakaanza kuniita binti gaal kila nikienda mtoni kuteka maji.

Nami sikuwa mtoto wa kunyamaza. Niliwauliza, "Na kanzu ya baba yako ya Idi ameshona nani?" Hapo walitazama chini, maana fundi aliyejua kushona shingo ya kanzu isilegee alikuwa huyo huyo gaal. Siku ya Idi safu nzima ya mbele ilisujudu ndani ya kazi ya mikono ya baba yangu, naye yuko barazani na chai yake, peke yake. Kanzu walimpelekea, lakini sinia moja hawakula naye. Sheikh aliyetufundisha Kurani akipita alimwambia "habari ya asubuhi" kama anavyomsalimu karani kutoka bara, asije akampa salamu ya Waislamu kwa bahati mbaya.

Mama yangu aliswali swala zote tano, na maji ya udhu alitekewa na baba. Wanawake walipomwambia ndoa yake imebatilika, aliwaambia basi wamtafutie mume mwingine asiyempiga. Hawakumleta mpaka leo.

Kulikuwa na jambo moja ambalo baba alilishika kuliko hata waumini. Hakuchinja. Tukipata mbuzi alimwita jirani yetu, mchunga ngamia, akamwambia, "Njoo unichinjie, kisu changu hakimlishi mtu hapa." Kisha yeye mwenyewe alishika miguu ya mnyama, jirani akasoma jina la Mungu na kukata. Alijua kwamba mbuzi aliyechinjwa na asiyeamini ni mzoga kwa watu wetu, na hakutaka mtu ale asichokijua.

Vita vya shifta, wapiganaji waliotaka kujitenga na Kenya, vilipochacha, serikali ilitukusanya ndani ya boma la miiba nje ya mji ili tusiwalishe wapiganaji. Kutoka bila kibali kulikuwa kujitakia risasi. Mifugo ilikosa malisho ikaisha mmoja mmoja, na sisi tukabakiwa na mbuzi jike mmoja. Asubuhi moja wanaume wote waliitwa uwanjani kuhesabiwa, isipokuwa baba, ambaye alikuwa akitia viraka sare za askari. Ndipo mbuzi wetu alipojirusha kwenye boma akajipasua tumbo. Wanawake walikuja mbio na mabakuli. Kwetu mwanamke hakushika kisu cha kuchinja, kwa hiyo macho yote yalikuwa kwa baba.

"Sema Bismillahi, ukate," baba aliambiwa na mke wa yule jirani, mwanamke ambaye hajawahi kunywa kwenye kikombe chetu. "Nani atauliza?"

"Nitaisema mdomoni tu, shemeji," baba akamjibu. "Mtakuwa mmekula mdomo wangu."

Akanituma niwaombe askari wamruhusu mwanamume mmoja aje. Wakanifukuza. Mbuzi akafa tukimtazama, nyama ikawa haramu, ikaburutwa nje ikaliwa na fisi. Nilikuwa na njaa na hasira, nikamwambia baba natamani angejua kudanganya kama baba za wenzangu.

"Najua," alisema. "Jeshini nilikuwa hodari. Lakini hawa wanakula kwa kuniamini."

Sikumwelewa. Niliona mtu mkaidi aliyetulaza njaa kwa ajili ya neno moja.

Haikupita muda mrefu, lori la jeshi likapigwa risasi barabarani, mchana jua la utosi. Askari wakafuata nyayo za makubadhi ya matairi, ambayo nusu ya kambi ilivaa, wakamkamata jirani yetu mchunga ngamia. Mke wake alipiga yowe, maana aliyechukuliwa kwa jambo la namna hiyo hakurudi. Jirani aliapa kwamba saa ile alikuwa kwa fundi. Kumbe kweli. Alikuwa na desturi ya kupenya nyuma ya kibanda chetu kusikiliza hadithi za Burma, kwa siri, asionwe akimtembelea gaal. Kwa sababu ya siri hiyo hakuwa na shahidi mwingine ila baba.

Afande alikuwa mtu wa bara, mcha Mungu, Biblia yake iko mezani mbele ya hema. Kesho yake kambi nzima ilisimama juani. Baba akapewa Kurani aape.

"Afande, kwangu mimi hiki ni kitabu," alisema kwa Kiswahili chake cha jeshi.

Akasogezewa Biblia.

"Na hiki pia."

"Sasa wewe unaamini nini?" afande akafoka.

"Naamini huyu bwana alikuwa kwangu toka adhuhuri. Risasi zililia tukiwa wote, akamwaga chai yangu kwa kushtuka."

"Mtu asiye na Mungu anaweza kusema lolote. Ushahidi wako ni upepo."

Mke wa jirani alianguka miguuni pa baba. "Apa, walaal, ndugu yangu! Shika tu kitabu!" Watu waliomkataza sinia lao sasa walimsihi ajifanye mmoja wao. Mama alifunika uso. Mimi pia moyoni nilimwambia apa, baba, apa.

Baba akamwinua yule mwanamke. "Kambi yote inajua siamini," alimwambia taratibu. "Nikianza kwa uongo mbele yao, nani atasadiki kinachofuata? Nitamuua mumeo kwa mkono wangu."

Afande akawapungia askari mkono wamchukue mfungwa. Hapo sheikh akatoka mbele, mzee mwembamba aliyekuwa hamsalimu baba yangu, akaweka mkono juu ya Kurani bila kuitwa.

"Afande, mimi hakuona hiyo mambo ya jana," alisema, akitafuta maneno, p ikimtoka kama b. "Lakini huyu mtu, mimi najua. Yeye ni gaal, haswali. Mbuzi yake moja imekufa, watoto yake wamelala njaa, kwa sababu amekataa kudanganya sisi. Wallahi, naaba kwa Mungu, yeye hasemi uongo. Kama amesema uongo, mimi bia uniue."

Afande aliutazama mkono ule, akamtazama baba, akamtazama sheikh tena. Kisha akasema mfungwa afunguliwe.

Nikiambiwa leo kwamba asiye na dini hana haya, mimi hukumbuka mkono ule wa sheikh na kichwa changu hakiinami.

Kesho yake sheikh alikuja kibandani kwetu akivuta mbuzi.

"Habari ya asubuhi," akasema. "Usidhani nimekusalimu."

"Sijadhani," baba akajibu.

"Yule wako alikufa bure. Shika miguu."

Baba akashika miguu, sheikh akachinja. Jirani na mkewe walikuja, safari hii kwa mlango wa mbele, na mama akapakua kwenye sinia moja. Sheikh akakaa, akamwonyesha baba mkeka kando yake. Mimi nilipewa birika la maji ya kunawa. Kwa heshima ilinipasa kuanza na sheikh. Nilimpita, nikaanza na mkono wa baba yangu, na sheikh akanyoosha wake akangoja.