Vipimo vya Kambini

Kanyana, ambaye sisi majirani zake wa mtaa wa Beechmont, Louisville, huku Amerika, tunamwita Mama Isimbi, hakuumbwa kuwa mtu wa kuajiriwa. Kwao Kongo, milimani Kivu, alishona, katika kambi ya wakimbizi Burundi alishona, na hata alipokuwa akifunga maboksi ghalani Jeffersontown, mikono ilimwasha kwa hamu ya sindano. Mwaka 2015 akasajili kampuni, akaweka vyerehani katika chumba cha chini ya nyumba na kumwajiri jirani yetu Goreth amsaidie. Kiwanda gani hakina dirisha? Tukamcheka, naye akacheka nasi.

Kazi kubwa ya kwanza ilitoka mji wa Buffalo: sare za kwaya, zivaliwe kwenye mkutano wa makanisa mjini Columbus. Zikipendeza, angeaga ghala. Zikiharibika, nani angempa kitambaa tena? Wanakwaya wakataka kumtumia vipimo, akakataa.

“Vipimo yenu niko nayo mu kichwa,” aliwaambia kwenye simu. “Nani aliwashoneaka kule kambi?”

Ni kweli, kwaya ile ile ndiyo aliyoivisha kambini. Akakata bila wasiwasi.

Asubuhi ya mkutano, Kanyana alipowagawia sare kule Columbus, sketi zikagoma viunoni. Amerika ilikuwa imewalisha watu! Karekezi, mwalimu wa kwaya, alitokea koti likimbana kama mtoto aliyevaa la mdogo wake.

“Mama Isimbi, bon, sasa tutaimba na mashuka?”

Aibu ilimpanda Kanyana mpaka masikioni. Lakini ulimi wake hauchelewi.

“Mulikuwa mifupa! Miye nilishonea mifupa!”

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Akaleta cherehani kutoka kwenye gari, maana fundi hasafiri mikono mitupu, akakusanya vilemba vya njano vya akina mama, akavikata, akafumua kila ubavu na kutia kipande cha njano. Kwaya ilipopanda jukwaani, ukumbi mzima ulipiga vigelegele.

Leo makanisa ya Louisville mpaka Buffalo yanaagiza sare zenye ubavu wa njano, na ghala alishaliaga. Ila mimi ninayempenda katika habari hii ni Mama Yudita, mwanakwaya mzee, mwembamba, ambaye ni yeye pekee sketi ilimtosha. Asubuhi ile naye alipanga foleni.

“Mama, yako inaenea,” Kanyana alimwambia.

“Hata miye uniongezeye. Watu watajuaje kama miye pia ninakulaka?”

Vilemba vilikuwa vimekwisha. Kanyana akafungua chake kichwani, machozi yakimtoka huku anacheka, akakikata.