Ruhwanya na Jiwe la Mugoma

Ruhwanya alikuwa mtu mfupi mwenye matege, na koti lake moja la kijivu alilivaa mvua na jua. Ungempita njiani usimwone. Lakini alikuwa mteko, na vijana wa leo neno hilo hawalijui, kwa hiyo nitalieleza. Mteko alikuwa mtu wa ardhi. Mwami, mtawala wetu, na watu wake walikuwa na ng'ombe na amri. Mteko alikuwa na udongo. Ndiye aliyejua shamba la fulani linaishia kwenye mti gani, ndiye aliyempa mgeni mahali pa kulima, na ndiye aliyefungua msimu wa ulezi.

Mteko wa kilima cha Mugoma aliufungua kwa jiwe. Liko juu ya kilima, kubwa kama ng'ombe aliyelala, nalo limekalia mawe madogo matatu kama chungu juu ya mafiga. Asubuhi baada ya mvua ya kwanza Ruhwanya alipanda peke yake, akaligonga mara tatu kwa kokoto la mtoni. Lililia. Sauti ilikuwa kama ya ngoma iliyozikwa, ikashuka mabonde mawili, na wanawake wakachukua majembe. Kabla ya hapo hakuna aliyepanda mbegu. Baada ya hapo hakuna aliyeligusa hadi mwaka mwingine, hata mchunga mbuzi mtundu. Nimesoma vitabu vingi tangu siku hizo, kwa taa na kwa jua, na sijaona mahali watu wanaposubiriana hivyo.

Mwaka 1974 watu wa serikali walikuja na malori. Waliezua mapaa kwanza, ili mtu asitamani kurudi. Watu wa Mugoma tulishushwa Kanyegera, kijiji kipya kando ya barabara, tukapangwa mistari minne kama mihogo. Mwenyekiti wetu alikuwa Nicodemus, Muha mwenzetu, zamani mwalimu wa dini. Mimi nilijua kuandika, nikawa karani wake.

Mvua ya kwanza ikanyesha, na siku ya kupanda ikasomwa kwenye karatasi. Ruhwanya alikaa mlangoni akitazama kilima chake kwa mbali. Mkewe, Esteri, alikuwa na ulimi.

"Mteko wa barabara," alimwambia mbele za watu. "Si ukagonge vumbi? Labda litalia."

"Nitarudi," alisema Ruhwanya.

"Utarudi na nani? Na hayo matege?"

Hakuwa na neno jingine. Kurudi tu. Alimwendea Nicodemus kila mwezi kuomba ruhusa ya kujenga tena Mugoma, yeye na mkewe tu, wazee wawili wasio na mtoto. Nicodemus alimjibu kwamba zahanati haiko kilimani.

Mwaka uliofuata akaja Bwana Philemon, afisa aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine. Alikuwa na daftari la jalada jekundu, na ndani yake aliorodhesha vitu vya ajabu ambavyo wasafiri wangependa kuviona: mti uliomeza kengele, chemchemi inayochemka, pango la popo. Mtu mpole, mwenye viatu vizuri. Aliposikia habari za jiwe alifurahi kama mtoto, na akasema kuna mkubwa anakuja kutoka mkoani pamoja na wazungu wawili, nao hawajaonyeshwa kitu chochote zaidi ya mashimo ya samadi.

Nicodemus akamwita Ruhwanya.

"Mzee, unataka kilima?"

"Unajua."

"Mimi sina uwezo. Mgeni anayekuja anao. Mgongee jiwe lako, kisha mwombe mwenyewe kwa mdomo wako."

"Ni mwezi wa saba. Jiwe haligongwi mwezi wa saba."

"Basi kaa barabarani."

Ruhwanya alikaa siku mbili bila kula. Siku ya tatu akachukua kokoto lake.

Wageni walifika kwa Landrova mbili, na kreti la soda kutoka duka la Abdulrahmani, mjini. Kilimani Nicodemus alimtolea Ruhwanya ngozi ya mbuzi.

"Vua koti."

"Sijawahi kuvaa ngozi. Baba yangu pia alivaa nguo."

"Wageni hawakupanda mlima kutazama koti, mzee."

Akavua. Kifua chake kilikuwa cheupe kwa vumbi na mbavu zilihesabika. Akagonga mara tatu, na jiwe likalia. Mke wa mkubwa alishtuka, akacheka, akasema, "Tena." Akagonga tena. Mzungu mmoja alitaka kupiga picha mkono ukiwa juu, kwa hiyo mkono ukakaa juu. Kisha mkubwa mwenyewe akasema tena. Kule Kanyegera, tuliambiwa baadaye, vikongwe wawili walitoka na majembe kiangazi kikavu, wakasimama mashambani bila kujua la kufanya.

Alipoachwa apumzike, Ruhwanya alifanya alilokuja kulifanya. Mtu wa kwetu akiomba ardhi kwa aliye juu yake, huchuchumaa, hukunja viganja na kupiga makofi polepole, huku akitaja anachoomba. Mwenye kuombwa akikataa, hunyamaza. Akikubali, hupiga makofi naye. Hapo neno limekwisha, na kila aliyeona ni shahidi. Hakuna atakayeinyang'anya ardhi hiyo.

Alichuchumaa mbele ya mkubwa. Akapiga makofi. Akasema kwa Kiha: mimi ni Ruhwanya wa Mugoma, naomba nirudi hapa nilipotoka, nilale hapa, nizikwe hapa.

Kutafsiri kulikuwa kazi yangu. Kabla sijafungua mdomo, mkubwa alidhani mchezo umekwisha, akapiga makofi. Mkewe akapiga. Wazungu wakapiga, tena kwa nguvu. Philemon akapiga huku amebana daftari kwapani. Ruhwanya akainamisha paji lake hadi udongoni.

Nicodemus alijua. Nilijua. Alinisogelea, akanong'ona, "Acha. Mwache afurahi leo." Nikaacha. Wageni wakanywa soda.

Usiku Esteri alimsaili.

"Amekuandikia?"

"Amepiga makofi."

"Karatasi iko wapi?"

"Tangu lini ardhi ikatolewa kwa karatasi? Amepiga makofi yeye, na mkewe, na wale weupe. Mwenyekiti yupo anaona, karani yupo. Unataka mashahidi wangapi?"

Esteri hakumdhihaki tena. Alfajiri alijitwika chungu chake na kupanda mbele ya mumewe, naye alikuwa mwanamke ambaye wiki iliyotangulia alilalamikia magoti.

Walijenga hatua mia kutoka kwenye jiwe, palipokuwa na kitako cha nyumba yao ya zamani. Fito, nyasi, paa zuri la msonge. Walilala huko siku sita. Waliokwenda kukata kuni walisema walimsikia Esteri akiimba, jambo ambalo hakuna aliyekumbuka kulisikia kabla.

Siku ya saba Nicodemus akapanda na mgambo wanne, nami na daftari.

"Nani kakupa ruhusa?"

"Mgeni wako," alisema Ruhwanya. Hata hakusimama, alikuwa anasuka kamba. "Ulikuwepo. Wewe ni Muha, uliona."

"Niliona mtu akishangilia ngoma."

Mgambo walicheka. Ruhwanya alinitazama. "Karani, waambie." Nikasema kwamba hakuna maandishi. Ni kweli, hayakuwepo.

Hawakuichoma nyumba, maana nyasi zilikuwa mpya. Philemon alikuwa ameleta barua kwamba wageni wanahitaji kivuli karibu na jiwe. Kwa hiyo paa likanyanyuliwa zima na kusogezwa hadi kwenye jiwe, fito zikang'olewa na kuchimbiwa upya. Kwa kuvunja amri Ruhwanya alipewa kazi ya siku kumi, na kazi yenyewe ilikuwa hiyo hiyo, kubeba nyumba yake. Esteri alibeba pia, ingawa hakuhukumiwa. Mgambo mmoja, kwa kupitisha muda, alichukua mchi wa Esteri na kuligonga jiwe kwa wimbo wa dansi.

Tangu hapo Jumapili zilikuwa za wageni. Walimu kutoka Kibondo, madaktari, watu wa misheni. Ruhwanya aliletwa asubuhi, akavalishwa ngozi, akakaa chini ya paa lake mwenyewe na kugonga kila alipoambiwa. Jua likipinda alishushwa. Kilima alikipata kwa mchana, kama kibarua.

Kisha dereva mmoja akataka kujua sauti inatoka wapi. Alileta jeki ya gari, akalinyanyua jiwe, akavuta figa moja alitazame. Jiwe likateremka, likakaa chini moja kwa moja. Walilinyanyua tena, wakarudisha figa, wakapachika na mengine. Lilikuwa limekufa. Ruhwanya aligonga hadi kokoto likapasuka mkononi mwake.

Nicodemus hakukosa akili. Alizika pipa tupu la mafuta nyuma ya kichaka, akamweka mgambo na rungu. Mzee akishusha mkono, mgambo anapiga. Mara nyingi mgambo alisinzia, sauti ikachelewa. Mara nyingine ikatangulia mkono. Wageni walishangilia vile vile. Ruhwanya alishusha mkono juu ya jiwe bubu Jumapili kwa Jumapili, miaka miwili.

Alikufa mwaka 1978, kiangazi, kwa homa. Walichimba kaburi kwenye mstari wa makaburi kando ya barabara, kwa mpango, kama nyumba.

Watu walipokusanyika, Esteri alitoka ndani akamfuata Nicodemus. Hakulia, hakutukana. Alichuchumaa mbele yake na magoti yake mabovu, akakunja viganja, akapiga makofi polepole. Akaomba hatua mbili za ardhi ya Mugoma, za kumlaza mtu mfupi.

"Wageni hawatapenda kaburi pale, mama," Nicodemus alisema.

Esteri hakuacha. Aliendelea kupiga, pa, pa, pa, akimtazama mikononi. Nicodemus akaitia mikono yake mifukoni. Esteri akajigeuza palepale alipochuchumaa, akatupigia sisi, watu wote wa Mugoma, mmoja mmoja. Wanaume wakafunga mikono nyuma. Wanawake wakaificha ndani ya khanga.

Mimi nilikuwa nimeshika daftari.