Bi Thuraiya wa Gando, Aliyewaonyesha Watu Mikoko

Alizaliwa Gando, Pemba, mwezi wa Shaabani, mwaka 1968, miaka minne baada ya Mapinduzi, binti wa Mzee Sleiman bin Humoud. Wazee wake waliwahi kuwa na mashamba ya mikarafuu. Alipozaliwa yeye, baba yake alikuwa akilima mpunga bondeni sawa na jirani zake. Alihitimu Kurani akiwa na miaka tisa, na tangu ujana wake akasomesha chuo cha Kurani barazani kwao, asimrudishe mtoto yeyote.

Mwaka 1999 kaka yake aliyehamia Maskati alimletea kamera ya video, arekodi harusi za ukoo. Yeye akashuka nayo bondeni. Miaka ile maji ya bahari yalikuwa yakiingia kwenye mpunga, watu wakituhumiana uchawi, wala hakuna aliyetaka kutazama pwani, ambako mikoko iliyozuia maji ilikatwa kwa kuchomea chokaa. Wanafunzi wake wanakumbuka akiwaambia kwamba jicho nalo ni amana.

Mwaka 2003 alionyesha filamu yake ya kwanza katika darasa la skuli, baada ya sala ya adhuhuri, madirisha yamezibwa kwa majamvi. Ilimwonyesha jirani yao, Nyange Masika, akiangusha mikoko kwa shoka, kisha bonde lililopauka kwa chumvi. Watu walitoka na hasira. Tangu siku ile Nyange hakualikwa tena kwenye shughuli, na mikoko ikaendelea kukatwa kwa kificho, na haohao waliomlaani.

Nyange alimfuata barazani. Hakupandisha sauti.

"Bi Thuraiya," alisema, "mimi nakata nilishe wanangu. Umenivua nguo mbele ya mji mzima, na mpunga wenu haukurudi."

Maneno yale yalimchoma. Aliifungia kamera sandukuni, akafunga saumu siku saba, akilia kwamba amesema kweli bila huruma. Ijumaa iliyofuata, kwa idhini ya Shehe Khatib, imamu wa msikiti, alisimama uani watu walipotoka kusali, akamwomba Nyange radhi mbele ya wote. Wapo waliomcheka, na ndugu zake waliona amewaaibisha. Yeye akazidi kumwomba Nyange wafuatane Wingwi, maana alisikia kuna bibi huko, Mwanawema, anayepanda mikoko peke yake.

Walimkuta ndani ya tope hadi magotini. Ulikuwa mwaka wake wa nne, na nyuma ya miche yake kishamba kidogo kilikuwa kimeanza kutoa mpunga. Nyange alikitazama kwa muda mrefu, kisha akakunja kikoi, akaingia topeni. Bi Thuraiya akawasha kamera, asimwelekeze hata neno.

Filamu ile ya pili ilionyeshwa mwaka 2005, darasani palepale. Hapakuwa na wa kulaaniwa: mikono ya bibi tu, miche, mpunga, na Nyange akicheka huku katapakaa tope. Ilipokwisha, Bi Mgeni, ambaye shamba lake lilikufa kwa chumvi, aliomba filamu irudishwe nyuma, pale penye mpunga. Ikarudishwa mara tatu. Kisha akauliza, "Mbegu zake zapatikana wapi?"

Wiki ile watu arobaini na mmoja walishuka pwani, Nyange akiwaongoza, kwani hakuna aliyeijua mikoko kama yeye. Miche ya kwanza karibu yote ililiwa na kaa. Wakapanda tena, na tena. Mwaka 2011 likaja bamvua kubwa. Maji yakapanda hadi kwenye mikoko michanga, yasiingie bondeni. Watu wakamkimbilia Bi Thuraiya wakisema hiyo ni karama yake.

"Msinibandike la Mungu," aliwajibu. "Mshukuruni Yeye, kisha mwende kwa Ami Nyange."

Alifariki tarehe ishirini na saba Rajabu, mwaka 2019, kwa maradhi ya kifua. Nyange, mzee sasa, alishika jeneza lake mbele. Hadi leo wageni wanaokuja kumwombea dua huondoka Gando na mbegu za mikoko. Nasi tukitaka kumfuata, tumtafute jirani atendaye wema bila kuonekana, tumwonyeshe kwa wenzake, kisha tukunje nguo tuingie naye topeni. Mwenyezi Mungu amrehemu.