Anwani Niliyoipigilia Msumari

Ipo asubuhi moja ya Turiani, mwanangu, ambayo mpaka leo hainitoki kichwani. Jana nilikusikia ukijisifu kwamba programu yako haikwami hata kidogo. Leo kaa unisikilize, chai bado ya moto.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, mitumba ilipofurika Morogoro, na kompyuta nazo zikaja za mitumba. Mimi na rafiki yangu Severini, kijana wa Mgeta, tulikuwa tukifundisha kompyuta kwenye chumba cha kupanga pale mjini. Mashine zilikuwa chache na wanafunzi watundu. Mmoja akiharibu mfumo, darasa zima linabaki kutazamana. Kila mashine ina kiini chake kikubwa, ile programu ya msingi inayoziendesha nyingine zote; tukaamua kuandika kiini chetu kidogo, ambacho kile kikubwa kingekiendesha kama programu yoyote ya kawaida. Mwanafunzi achezee humo, avuruge humo humo, mashine yenyewe isidhurike.

Kiini kikubwa, kama unavyojua, huipa kila programu eneo lake la kumbukumbu, lenye anwani, yaani namba za kila mahali, kuanzia chini hadi juu. Ndani ya eneo hilo moja ilibidi vikae vyote, programu za wanafunzi na kiini chetu, bila kukanyagana. Nikachungulia huko juu, nikaona pako wazi. Kila nikiwasha mashine, pako wazi. Basi nikaipigilia msumari anwani ile: kiini chetu kikae hapa siku zote, bila kuuliza.

Severini alikuna kichwa. Kwetu Uluguru ukiazimwa shamba na ukoo usio wako, unapanda maharage, unavuna, basi. Mti wa kudumu hupandi, maana mti unadai ardhi. Hayo tuliyajua wote wawili tangu utotoni.

"Shabani, hapa sisi tumeazimwa tu," aliniambia. "Unapandaje michungwa kwenye shamba la watu? Kila tunapoanza, tukiombe kiini kikubwa kitupangie pa kukaa."

"Nusu ya kazi tuandike upya kwa ajili ya kuomba?" nikamjibu. "Ninyi watu wa Mgeta bwana, kwa kuomba hamjambo!"

Alicheka, lakini si sana. Nilikuwa na mdomo siku zile, na nilijiona najua.

Kisha shule moja ya Turiani ikatafuta mwalimu wa kompyuta. Severini aliitaka kazi ile kuliko kitu chochote. Mkewe alikuwa mjamzito, na darasa letu lilikuwa halimlishi hata mtu mmoja. Wakamwita aonyeshe anachoweza. Tukapanda basi na disketi zetu. Mkuu wa shule, mzee mpole, akakaa mbele kabisa.

Tukaingiza disketi kwenye mashine ya shule, kiini kikawaka, kikatusalimia. Severini akamwita mwanafunzi aandike amri ya kwanza, na skrini ikaganda. Tukawasha upya, ikaganda palepale. Mahali nilipopazoea kuwa wazi, mashine ile ilikuwa imeshaweka maktaba zake, yale mafungu ya amri ambayo kila programu inayategemea. Kiini chetu kilikwenda kukaa hapo hapo na kuzifuta. Hata onyo hatukupata, kwa sababu amri yangu ilisema kaa hapa, awepo mtu asiwepo.

"Mlijaribu kwenye mashine ngapi, wanangu?" mkuu akauliza.

"Moja, mzee," Severini akajibu. Hakunitazama.

"Anwani ile niliiweka mimi, mzee," nikasema. "Mwenzangu alinikataza."

"Sasa kwa nini hukumsikiliza?"

Nikaanza kuzikusanya disketi zetu. Kazi akapewa mtu mwingine, na Severini akarudi Mgeta kulima kabichi.

Niliandika upya kila kitu. Kiini kikawa kinaomba eneo kwanza, kinakaa popote kinapopewa, na kikakubali kwenye kila mashine niliyoigusa. Nikapanda mlima kumweleza. Nilimkuta kwenye matuta yake, ameshika jembe.

"Sasa kinaomba?"

"Kinaomba."

"Vizuri, Shabani."

Akanichumia kabichi mbili kubwa niwapelekee nyumbani, kisha akaendelea kulima. Nilizibeba hadi mjini huku nalia. Hakugusa kompyuta tena, na mwanangu, kwa kipaji alikuwa ananizidi. Inaniuma.

Kwa hiyo mahali pakionekana wazi, omba kwanza ndipo ukae. Kazi yako ijaribu kwenye mashine usiyoizoea. Na mwenzako akikuna kichwa, acha kuandika umsikilize, hasa ikiwa atakayesimama mbele za watu ni yeye. Programu niliirekebisha, Severini sikuweza kumrudisha.

Haya, fungua hiyo yako unionyeshe inakaa wapi. Mwenyezi Mungu akujalie mwenzako mwenye moyo kama wa Severini, na masikio akupe mapema kuliko alivyonipa mimi.