Kitu Kinachotafutwa

Binti yetu alipokuja likizo kutoka anakofanya kazi, aliniletea mashine ya kutafuta vyuma ardhini. Alikuwa amenisikia miaka mingi nikizungumzia sarafu za kale, akafikiri mstaafu kama mimi atapata cha kufanya. Nilimshukuru. Sikumwambia kwamba siku hiyohiyo, kabla hata sijalifungua lile boksi, nilishajua kitu cha kwanza ninachotaka kukitafuta, na kwamba hakikuwa sarafu.

Ilikuwa pete yangu ya ndoa. Niliipoteza miaka minne nyuma kwenye diko dogo lililo chini kidogo ya Liwatoni, pale wavuvi wanaposhusha samaki. Nilikuwa nimenunua changu wawili, nikainama kuwaosha baharini. Pete nilikuwa nimeivua nikaitia mfuko wa shati, maana vidole vilikuwa vimekonda na ilikuwa ikicheza. Asubuhi ile ile mke wangu alikuwa ameniambia niizungushie uzi isije ikanivuka, nami nikamjibu kwamba mimi si mtoto. Nilipofika nyumbani Ganjoni, mfuko mtupu, nikaona haya kusema. Nikasema nimeibiwa Makupa, na kwamba aliyeniibia alikuwa na kisu.

Uongo wenyewe haukunichukua hata dakika. Kilichonishinda ni kilichofuata. Jumapili mke wangu alisimama kanisani kumshukuru Mungu kwa kuniokoa. Akasimama tena Jumapili ya pili, na ya tatu. Kisu nilichosema mimi kilikuwa kimoja. Kufikia Jumapili ya tatu vilikuwa viwili, na nilikuwa nimewasamehe wezi palepale. Kina mama wa ushirika walituletea sukari na unga kunipa pole. Nikala.

Basi nikaamua nikiipata pete, nitasema imeokotwa, na mambo yaishe kimyakimya. Lakini mashine yenyewe sikuijua, na mtu hajifunzii kazi mahali anapopahitaji. Nilitaka kwanza uwanja wa kufanyia mazoezi, tena uwanja wa halali. Nilikuwa mtunza stoo wa reli maisha yangu yote ya kazi. Hata msumari sikuutoa bila karatasi. Ardhi ya reli na ya bandari sikuiulizia kabisa, kwa sababu jibu nilikuwa nalo.

Nilianzia Mji wa Kale. Kuna uwazi karibu na ukuta wa ngome ambapo watu hupumzika jioni, nikadhani ni mali ya umma. Ni mali ya umma kweli, akaniambia afisa mmoja wa mambo ya kale, mwanamke mpole aliyenikaribisha kiti kabla ya kuniuliza shida yangu. Ila chochote cha kale kilichomo ardhini ni cha taifa, na kukitafuta bila kibali ni kosa, na kibali hupewa wataalamu. Nikamwambia sitachimba, nitasikiliza tu. Akatabasamu.

"Mzee," akasema, "hapa hata ukiangusha funguo zako mwenyewe, njoo uniite mimi kwanza."

Nikaenda kwa watu wa kaunti kuuliza juu ya bustani. Huko nilizungushwa meza tatu. Nilichoelezwa mwishowe ni kwamba kutembea na mashine hakuna atakayenikataza, lakini nikigusa nyasi kwa jembe au kisu nitakuwa nimeharibu mali, na barua ya kuniruhusu kuchimba hakuna aliyewahi kuiandika, kwa hiyo hakuna anayejua inaandikwa vipi. Jibu hilo lilinikasirisha, ingawa nilipokuwa kazini nililitoa mwenyewe mara nyingi.

Kibarani nilikubaliwa. Msimamizi wa pale, palipokuwa jaa la taka na sasa pamepandwa miti, aliniruhusu nipite kando ya njia mradi nisichimbe. Nikavaa hedifoni, nikawasha. Mashine ililia kuanzia hatua ya kwanza mpaka ya mwisho bila kupumzika, kwa takataka za miaka yote zilizo chini ya ule udongo. Nilijifunza jambo moja tu siku hiyo, jinsi ya kupunguza sauti.

Mke wangu alikuwa akinicheka kila nikirudi. Ananiuliza kama leo nimepata hazina ya Wareno au bado. Nikimjibu bado, ananimiminia chai. Nilikuwa naona vibaya anavyonichekea kwa moyo mweupe.

Ofisi ya ardhi ndiyo iliyonipa jibu la maana. Karani mmoja alinieleza kwamba ufuo, ile sehemu inayofunikwa na maji yakijaa, ni ya umma, na mtu akitafuta kitu chake kilichopotea hapo hana ubaya. Lakini diko la wavuvi lina kamati, akanishauri nisiweke mguu bila barua yao. Ushauri huo ningejipa mwenyewe.

Mwenyekiti wa kamati nilimkuta akishona wavu. Tulisalimiana salamu zote, za nyumbani, za afya, za watoto na za mvua, na ndipo nikaeleza haja yangu. Aliitazama mashine bila kuishika. Akaleta daftari lenye fomu walizojichapishia wenyewe: jina, nambari ya kitambulisho, siku zinazoombwa, na mstari mmoja mrefu ulioandikwa "kitu kinachotafutwa". Siku nilijaza tatu. Kwenye ule mstari nikaandika: vitu vya chuma.

Akanirudishia kalamu. "Mzee wangu, vitu vya chuma vya nani? Hapa kuna nanga, kuna chubwi, kuna misumari ya mashua, na kila kimoja kina mwenyewe. Wewe watafuta nini? Andika chako."

Katika miaka yangu yote ya stoo sikuwahi kuandika kitu kisichokuwapo, na hilo ndilo jambo pekee la kazi yangu ninalojivunia. Nikakata mstari wa kwanza, nikaandika: Pete moja ya dhahabu, ya ndoa, iliyonipotea hapa nikiosha samaki. Nikatia sahihi. Akaisoma kwa sauti, akagonga muhuri, akanipa nakala yangu kuwa ndiyo barua ya ruhusa na kuniombea heri. Chochote kingine nitakachokipata, akasema, nikirudishe kwake.

Barua ile niliitia mfuko wa shati. Mke wangu hukagua kila mfuko kabla ya kufua, amefanya hivyo tangu tuoane, na mimi nalijua hilo. Nimejiuliza mara nyingi kama nilisahau kweli.

Aliisoma amesimama, akatafuta miwani, akaisoma tena. Mimi nilikuwa mezani.

"Na visu?" akaniuliza.

Nikamwambia hakukuwa na kisu hata kimoja. Aliikunja barua vilevile ilivyokunjwa, akaiweka mbele yangu, akaenda kufua. Siku hiyo sikumiminiwa chai. Niliona aibu iliyonichoma kuliko kama ningefumaniwa, maana hakupiga kelele na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa kelele.

Asubuhi maji yalipokupwa nilichukua mashine nitoke. Nikamkuta mlangoni, leso ameifunga kiunoni, ameshika mwiko wa zamani wa jikoni. Akasema kama ni siku tatu basi ni siku tatu.

Nilisikiliza, yeye alichimba. Chubwi, kwa mtu asiyejua, ni kile kipande cha risasi ambacho mvuvi hufunga kwenye mshipi ili uzame, na katika masikio ya mashine yangu risasi na dhahabu hulia sauti moja. Kila ikilia tuliinama wote wawili. Tulitoa chubwi kumi na moja, kijiko, parafujo ya mashua na vifuniko vya soda. Siku ya tatu, dakika za mwisho kabla ya maji kurudi, ililia vizuri kuliko siku zote. Mke wangu aliutupa mwiko akafukua kwa vidole. Ilikuwa chubwi ya kumi na mbili. Aliishika muda mrefu, akaifuta mchanga kwa leso, na yeye mwenyewe akampelekea mwenyekiti.

Tukipanda kurudi Ganjoni ndipo aliposema. "Mimi nilisimama mara tatu kwa ajili yako. Wewe simama mara moja."

Jumapili mchungaji alipouliza nani ana ushuhuda, nilisimama. Kwa kuwa maneno yangu mwenyewe sikuyaamini tena, nilitoa ile barua nikaisoma kama ilivyo, na nambari ya kitambulisho. Kisha nikaeleza yaliyobaki. Kina mama wa sukari na unga walikuwa safu ya mbele, nikawatazama. Mchungaji, ambaye ni kijana na hakutegemea jambo kama hilo, aliuliza kama pete imepatikana. Nikasema haijapatikana.

"Sasa, mzee, tunamshukuru Mungu kwa lipi?"

Mke wangu akajibu kwa niaba yangu, ameketi, bila kunitazama.

"Kwamba hakukuwa na visu."